Taa Zilizostaafu

Katika usiku usio na mbalamwezi, Ziwa Mweru huonekana kama mji kwa mtu asimamaye ufukoni Nchelenge, nchini Zambia. Taa za wavuvi huelea mbali majini. Kwa mwanga huo huvutwa chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, ambao huanikwa juani kabla ya kupelekwa sokoni. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Siku hizi taa za betri, nyepesi tena zisizotaka mafuta, zinachukua nafasi yake, na karabai huishia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Huko Las Vegas, Marekani, taa za namna nyingine zilipatwa na mkasa kama huo. Hizo ni za mabango ya neoni: mirija ya kioo iliyopindwa kwa mkono juu ya moto, ikaondolewa hewa, ikatiwa gesi, kisha ikapitishiwa umeme wa maelfu ya volti. Gesi ya neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers. Mwaka 1910 Georges Claude aliionyesha ikiwaka mjini Paris. Peke yake hutoa rangi nyekundu tu. Buluu hutokana na agoni na zebaki.

Hoteli na kasino zilipoanza kuyang'oa mabango hayo, makumbusho yaliundwa mwaka 1996 ili kuyaokoa, na tangu 2012 wageni hutembezwa uani yalipopangwa. Mengi hayawaki tena na yameliwa na kutu. Ajabu ni kwamba watu hulipa kiingilio kuyatazama!

Zambia nayo ina mfano wake. Makumbusho ya Moto Moto, mjini Mbala, yalitokana na vyombo vya nyumbani na vya jadi alivyokusanya padre mmoja, Jean-Jacques Corbeil, wakati wengine waliviona havina thamani.

Basi, mama mwenye karabai ya marehemu mzee uvunguni asiharakishe kuiuza. Amwage mafuta yaliyobaki, afungue pampu ikauke, akizungushie kioo kitambaa. Masizi asiyasugue. Kisha aandike katika karatasi na kuifunga shingoni mwa taa: ilikuwa ya nani, katika mtumbwi upi, na iliwaka miaka gani.