Mazoezi ya Msingi ya Uhuishaji: Kutoka Mpira Unaodunda hadi Mtu Anayetembea

Uhuishaji ni ufundi wa kupanga picha zilizotulia, moja baada ya nyingine, kwa kasi inayolifanya jicho lione mwendo. Filamu huonyesha picha 24, yaani fremu 24, kwa sekunde. Wachoraji wa katuni mara nyingi huchora 12 tu, kila mchoro ukikaa fremu mbili. Kompyuta imepunguza kazi ya mkono, lakini haijui uzito wa mwili wala sababu ya mhusika kusogea. Hayo mhuishaji huyapata kwa mazoezi. Mwaka 1981 Frank Thomas na Ollie Johnston, wakongwe wa studio ya Disney, walichapisha kitabu The Illusion of Life, chenye kanuni 12 zinazofundishwa hadi leo.

Zoezi la kwanza ni mpira unaodunda. Mpira ukiachiwa kutoka kimo cha takriban mita 1.2 hufika chini kwa nusu sekunde, yaani fremu 12. Katika fremu 6 za kwanza hushuka robo tu ya kimo hicho; robo tatu zilizobaki huzimaliza katika fremu 6 za mwisho. Ndiyo maana michoro ya juu husongamana na ya chini huachana. Ikipangwa kwa nafasi sawa, mpira huteremka kama lifti. Mpira wa raba hubonyea ukigusa sakafu, ila ujazo wake haubadiliki: ukiongezeka upana, hupungua kimo. Tufe la chuma halibonyei, na hudunda kidogo sana kabla ya kutulia. Kwa tofauti hizo mtazamaji hutambua uzito wa kitu bila kuambiwa.

Baada ya mpira huja gunia la unga lililojaa nusu. Kwa kuwa halina uso wala mikono, huzuni, woga na furaha yake havina budi kuonekana katika mikunjo na pembe zake tu.

Mkao wa mtu huanza na mstari mmoja uliopinda, unaopita kichwani hadi miguuni na kuonyesha nguvu ya mwili inaelekea wapi. Viungo hufuata mstari huo. Kisha huja suala la mizani. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono wa kulia huinamia kushoto, bega la kulia huvutwa chini, na mkono mtupu hutanuka pembeni. Yasipokuwepo hayo, ndoo huonekana tupu. Mkao hupimwa kwa kupakwa weusi wote: tendo likieleweka kwa umbo la nje pekee, mkao umefaulu.

Mwendo wa kutembea hukusanya yote hayo. Kila hatua ina mikao minne: kisigino kinagusa ardhi, goti linakunjwa kupokea uzito na mwili unashuka, mguu wa nyuma unapita kando ya ule uliosimama, kisha mwili unainuka na kusukumwa mbele. Hatua ya kawaida huchukua kama fremu 12. Mikao minne ikishakaa sawa, ndipo tabia ya mhusika huongezwa: mzee hupewa hatua fupi na fremu nyingi zaidi, mwenye huzuni huinamishwa kichwa na mabega, na mwenye furaha huinuliwa juu zaidi katika mkao wa nne.