BAO la Angani

Mwalimu wetu wa fizikia alipoandika ubaoni herufi BAO, nilicheka peke yangu. Wenzangu Wamarekani hawakuelewa. Mimi niliona kete, mashimo na wazee barazani. Kumbe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayotaja mawimbi ya sauti yaliyopita ulimwengu ulipokuwa mchanga.

Ndiyo, sauti. Baada ya Mlipuko Mkuu ulimwengu ulijaa gesi ya moto mno, na mwanga ukanaswa ndani yake kama taa ya gari kwenye ukungu. Kila penye msongamano, mgandamizo ulisukuma wimbi kwenda nje, mfano wa jiwe lililotupwa bwawani. Miaka 380,000 hivi baadaye gesi ilipoa, mwanga ukaachiwa, na mawimbi yakasimama pale yalipofikia. Kwenye kingo zake palibaki maada zaidi kidogo, na hapo galaksi zikazaliwa kwa wingi kidogo kuliko kwingine.

Ulimwengu umetanuka, na duara hizo zimetanuka nao. Leo nusukipenyo chake ni takriban miaka nuru milioni 500. Duara moja halionekani kwa macho, hivyo sharti galaksi zipimwe kwa maelfu. Mradi wa Sloan, huko New Mexico, ulitumia sahani za alumini zilizotobolewa kufuata ramani ya anga. Watu walichomeka nyuzi za kioo 640 kwa mkono, tundu kwa tundu. Bao letu lina kete 64, nikacheka tena. Kila uzi ulipeleka mwanga kwenye chombo cha kuuchambua rangi. Kadiri mwanga wa galaksi ulivyovutwa kuelekea wekundu, ndivyo galaksi ilivyo mbali. Mwaka 2005, kwa galaksi 46,748, alama ya mawimbi yale ilionekana.

Alama hiyo sasa ni rula ya kupimia mtanuko wa ulimwengu. Huko Arizona, mradi wa DESI una vijiroboti 5,000 vya kuelekeza nyuzi. Mwaka 2025 watafiti wake walieleza kwamba vipimo vyao, vikiunganishwa na vingine, vinadokeza kuwa nishati ya giza inayosukuma mtanuko huo huenda inadhoofika. Ikithibitika, vitabu tunavyosomea vitaandikwa upya. Ushahidi bado hautoshi.

Nilimsimulia babu kwa simu. Akasikiliza, kisha akauliza, “Sasa nani kashinda?”

“Bado, babu. Kete zingali mkononi.”