Kukwama Kuandika: Si Ukame, ni Msongamano

Binti mmoja ninayemsimamia tasnifu aliingia ofisini kwangu saa nne asubuhi, daftari amelikumbatia kifuani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sura ya kwanza imefika wapi?"

Hakujibu. Alilifungua daftari na kunisogezea. Ukurasa mzima ulikuwa na sentensi moja, imeandikwa mara nane na mara zote nane imekatwa. Ya kwanza ilianza na neno "Mwani", ya pili "Zao la mwani", ya tatu "Tangu kuanza kwa kilimo cha mwani". Ya nane ilikuwa na neno moja tu, nalo limekatwa. Nazitaja kwa Kiswahili, ila yeye alikuwa akiandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya tasnifu yake.

"Mawazo yameniisha, mwalimu. Nimekauka kabisa."

Nikamwambia afunge daftari. "Hebu nisimulie tu. Huko Paje, kwa wakulima wa mwani wa Zanzibar, ulikuta nini?"

Akaanza taratibu, kisha akakolea. Alinieleza jinsi wanawake wanavyosubiri bamvua, maji yapwe mbali, ndipo washuke na kamba zao. Alinieleza jinsi bibi mmoja alivyomshika mkono na kuutumbukiza kwenye kidimbwi ili ahisi mwenyewe namna maji yalivyo moto siku hizi, na jinsi bibi huyo alivyolalamika kuwa mwani unaoza kabla haujakomaa. Alizungumza dakika ishirini bila kusita. Mimi nilikuwa naandika kwa kasi ya kukimbizana na ulimi wake. Alipomaliza nilimgeuzia karatasi tatu zilizojaa pande zote.

"Haya ni maneno ya nani?"

Alizisoma kimya, kiganja mdomoni.

Mtu aliyekauka hatoi kurasa tatu kwa dakika ishirini. Shida ya binti yule haikuwa ukame, ilikuwa msongamano. Aliyewahi kupanda daladala saa za jioni anaijua hali hiyo: wanaoshuka wamebanana mlangoni, wanaopanda wanasukuma, konda anapiga kelele, na hakuna anayepita. Gari limejaa watu tele, ila mlango ni mmoja. Utafiti wa miaka zaidi ya arobaini kuhusu uandishi unatuelekeza mlangoni hapo.

Chumba kidogo cha akili

Aliyelipa tatizo hili la kukwama kuandika jina la kitaalamu, katika miaka ya 1940, ni Edmund Bergler, mtaalamu wa nafsi mzaliwa wa Austria aliyehamia New York. Yeye alilitafutia chanzo katika majeraha ya utotoni. Waliokuja baadaye waliuliza swali lililo karibu zaidi na meza ya kazi: mtu anapoandika, kichwani kunatokea nini?

Mwaka 1981, Linda Flower na John Hayes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha majibu yao. Waliwaomba waandishi waseme kwa sauti kila kinachowapitia akilini huku wakiandika. Ilionekana kuwa kuna kazi kubwa tatu: kupanga la kusema, kuligeuza liwe maneno, na kuyakagua maneno hayo. Shuleni tunafundishwa kana kwamba kazi hizi hupanga foleni. Kumbe hukatizana kila dakika. Mtu hajamaliza nusu sentensi, tayari mkaguzi ameshaidaka.

Zote tatu zinafanyika katika chumba kimoja, ambacho wanasaikolojia hukiita kumbukumbu ya kazi. Ni sehemu ile ya akili inayoshika namba ya simu kwa muda unaotosha kuibonyeza. Chumba hicho ni kidogo mno. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokuwapo na kukadiria kuwa kinabeba mambo kama manne tu kwa wakati mmoja.

Watafiti wawili wa Ufaransa, Béatrice Bourdin na Michel Fayol, walionyesha mwaka 1994 jinsi chumba hicho kinavyojaa upesi. Waliwapa watu maneno ya kukumbuka na kuyarudia, ama kwa mdomo ama kwa kuandika. Watoto walikumbuka machache walipoandika, kwa sababu kuunda herufi kwao bado ni kazi. Watu wazima hawakupata shida hiyo, hadi walipotakiwa kuandika kwa mtindo wa herufi ambao hawakuuzoea. Hapo nao wakaanza kusahau. Mkono ulipopewa kazi ngeni, uliikwapulia akili nafasi yake.

Kama mtindo mgeni wa herufi unaweza kufanya hivyo, fikiria lugha. Kwa kawaida mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Binti yule alikuwa anatafuta wazo, anatafuta neno la Kiingereza, anahofia sarufi yake, tena anajihukumu, yote ndani ya chumba cha mambo manne. Nilipomwacha asimulie kwa lugha yake, mizigo miwili ilitua papo hapo. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu waandike rasimu ya kwanza kwa lugha inayowatoka bila kuombwa. Kutafsiri kutafuata, nako kutapata zamu yake.

Kanuni zinazofunga mlango

Mwaka 1980 Mike Rose, mwalimu wa uandishi katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanafunzi kumi. Watano walikuwa wakikwama, watano hawakukwama. Waliokwama hawakuwa na uwezo mdogo kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa katika kanuni walizobeba. Mmoja aliamini kuwa insha nzuri lazima imnase msomaji tangu mwanzo, basi alibaki kwenye aya ya kwanza kwa muda mrefu. Wengine walipanga mipango mirefu kiasi kwamba hakukuwa na njia ya kuigeuza iwe insha. Wale wasiokwama nao walikuwa na kanuni, ila walizishika kwa mkono mlegevu: ikifaa itumike, isipofaa iwekwe kando.

Sisi nasi tunazo. Nani hakukaririshwa kuwa insha ina kichwa, utangulizi, kiini na hitimisho? Mpangilio huo ni mzuri kwa msomaji. Ubaya wake huanza tunapoamini kuwa lazima uandikwe kwa mfuatano huohuo. Utangulizi humkaribisha mgeni ndani ya nyumba. Mwandishi aliye mwanzoni hajajenga hata ukuta mmoja, na hapo ndipo anapotaka kuupamba mlango.

Mkaguzi akae pembeni

Je, mkaguzi wa ndani anaweza kunyamazishwa? Jibu moja limetoka kwa wasanii wa kufokafoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwalaza wasanii 12 ndani ya mashine ya MRI, inayoonyesha ni sehemu gani za ubongo zinafanya kazi zaidi. Kwanza walighani mashairi waliyokariri, kisha wakachana mitindo huru, maneno yakitungwa palepale. Katika kuchana huru, sehemu za pembeni za ubongo wa mbele, zinazohusishwa na kujisimamia na kujidhibiti, zilipunguza kazi. Sehemu ya kati, inayohusishwa na msukumo wa ndani, ilichangamka.

Picha za wasanii 12 hazimalizi mjadala. Hata hivyo, aliyewahi kumsikiliza malenga akimjibu mwenzake papo kwa papo, vina na mizani vikiwa mahali pake, hatashangaa. Malenga hana muda wa kukata mstari mara nane. Ujuzi wake umeshaingia kwenye damu, na hakimu wake amekubali kukaa pembeni hadi beti ziishe.

Anayeandika kwa kalamu anaweza kumpumzisha hakimu huyo kwa makusudi. Peter Elbow, mwalimu wa uandishi wa Marekani, alieneza njia moja rahisi katika kitabu chake cha mwaka 1973. Weka saa dakika kumi. Andika bila kusimama, bila kufuta, bila kurudi nyuma. Neno likikupotea, andika "sina la kusema" hadi lije lingine. Mengi utakayoyapata ni makapi, na hilo ni sawa, kwani anayepeta mchele huanza na ungo uliojaa.

Njia nyingine ni miguu. Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha mwaka 2014 majaribio ambamo watu walitakiwa kutaja matumizi mapya ya vitu vya kawaida. Waliotembea walitoa mawazo mapya kwa wastani wa asilimia 60 zaidi kuliko walipoketi. Hata waliotembea juu ya mashine ya mazoezi, uso umeelekea ukutani, walifaidika, na faida iliendelea kwa muda mfupi baada ya kuketi. Lakini kwenye maswali yenye jibu moja sahihi, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo toka nje unapotafuta la kusema, na uketi unapotaka kulinyoosha.

Hamu hufuata kazi

Wengi wetu husubiri hamu ije kwanza. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1983, mwanasaikolojia Robert Boice alilipima jambo hilo kwa wahadhiri 27 waliolalamika kuwa wamekwama. Kundi la kwanza liliambiwa lisiandike isipokuwa kwa dharura. La pili liandike likijisikia. La tatu liandike kila siku iliyopangwa, na asiyetimiza kiwango chake atoe fedha kwa taasisi asiyoipenda. Kundi la tatu liliandika kurasa zaidi ya mara tatu ya zile za kundi la pili. Lililo kubwa zaidi ni hili: walioandika kwa ratiba walipata wazo jipya karibu kila siku, waliosubiri kujisikia walipata moja katika siku mbili, na waliokatazwa kuandika walipata moja katika siku tano. Wahadhiri 27 ni wachache, nami sisemi kuwa kila mwandishi atishwe kwa faini. Ninachokiona ni kwamba mawazo yalikuja mahali kazi ilipokuwa ikiendelea.

Mwandishi Shaaban Robert, kwa mfano, alikuwa mtumishi wa serikali kwa zaidi ya miaka 30, akihama kutoka ofisi hadi ofisi, na bado ameacha vitabu zaidi ya 20. Aliandika katika saa zilizobaki baada ya kazi za ofisini. Mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway naye alieleza kuwa huacha kuandika akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho yake asianzie patupu. Acha sentensi katikati, nawe utakuwa na pa kuingilia.

Nisimalize bila kutaja kukwama kwa aina nyingine. Alice Flaherty, daktari wa mishipa ya fahamu huko Boston, ameandika kwa kina jinsi hali ya moyo inavyoshikamana na msukumo wa kuandika. Huzuni nzito huweza kuizima kalamu pamoja na kila kitu kingine. Ukiona usingizi umepotea, chakula hakipiti, na yale uliyoyapenda hayakuvutii tena, tatizo si aya ya kwanza. Mwone daktari, wala usijiite mvivu.

Binti wa mwani alirudi baada ya wiki tatu. Alikuwa amejirekodi kwa simu kila jioni, akisimulia kama anayeongea na shangazi yake, kisha asubuhi anaandika aliyoyasikia. Aliweka mezani sura ya nne, ile ya matokeo, kurasa 22. Nilipoifungua nikakuta maji ya moto ya kidimbwi, na mkono wa bibi yule. Ile sentensi iliyokatwa mara nane haikuwamo.

"Na utangulizi, mwalimu? Bado sijaugusa."

"Utauandika mwisho," nikamwambia, "ukishajua unatangulizia nini."