Kapu alilolimwaga Bibi



Mvua za kwanza zikinyesha kwenye misitu ya miombo, kuanzia Tabora na Katavi hadi Iringa na Songea, utawakuta akina mama kando ya barabara na mabeseni ya uyoga. Huenda nawe umewahi kusimama ukanunua. Mimi nimekulia Tabora, na kila nikiona uyoga hukumbuka kapu la Bibi.

Nilikuwa na miaka kama tisa. Bibi alinitangulia porini alfajiri akawa ananionyesha: huu wa njano uliopanuka juu kama tarumbeta tunakula, huu wa kwenye kichuguu tunakula, ule achana nao. Nami nikaona mweupe mzuri, nikauchuma na kuutumbukiza kapuni bila kuuliza. Tulipofika nyumbani akaukuta umeshavunjika vipande katikati ya mwingine. Akalimwaga kapu zima shimoni. Usiku ule tulikula ugali kwa chumvi. Nililia, nikamwona Bibi ana roho mbaya.

Sasa fungua 2 Wafalme 4:38-41. Kuna njaa Gilgali, na Elisha anamwagiza mtumishi wake aweke chungu kikubwa motoni awapikie wana wa manabii. Mmoja anatoka kwenda kutafuta mboga, anakuta mmea wa porini unaotambaa, anachuma matunda yake mpaka nguo inajaa, anarudi na kuyakatakata chunguni. Biblia haimwiti mwovu. Alikuwa na njaa kama wenzake na alitaka wote washibe. Lakini hakuna hata mmoja aliyeyajua matunda yale, na yakapikwa hivyohivyo.

Waliokula ndio waliopaza sauti kwamba chunguni mna kifo. Hawakuona haya mbele ya nabii, wala hawakumstahi mpishi. Wangapi kati yetu tumeonja fundisho likatukereketa kooni, tukameza kwa sababu mhubiri ni mgeni au ni maarufu?

Elisha aliomba unga, akautia chunguni, na chakula hakikumdhuru mtu. Lakini nakusihi, usiende kujaribu unga wala kitu kingine kwenye uyoga usioujua. Sumu ya baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita haiondoki kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Na ajabu ni kwamba jamii hiyohiyo ina aina zinazoliwa sana miombo, kama watoto wa tumbo moja. Watu husema uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kitunguu kikibadilika rangi sufuriani ujue una sumu. Si kweli. Konokono hula uyoga unaoua mtu.

Sumu hiyo pia ni ya hila. Kutapika na kuharisha huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kula, wakati mtu ameshasahau alichokula. Kisha mgonjwa hupata nafuu, hata siku nzima, huku ini likiendelea kuharibika. Hapo ndipo nawaomba wachungaji wenzangu: nafuu ile tusiikimbilie kuitolea ushuhuda. Mpelekeni hospitali tangu dalili ya kwanza, mbebe na mabaki ya uyoga waganga wayaone, na maombi yafanyike mkiwa njiani.

Kama hukulelewa na mtu kama Bibi, kuna njia nyingine, nayo ni kuotesha uyoga nyumbani. Ule wa vichuguu hutauweza, kwa sababu mkulima wake ni mchwa. Wao hubeba majani makavu na vijiti, huvitafuna, na juu yake hutunza utando wa uyoga chini ya ardhi. Mvua ikija ndipo sisi tunaona miavuli imechomoza. Tunapolalamika kwamba makanisa yanaota kama uyoga, tunadhani uyoga hutokea usiku mmoja. Ulikuwa kazini muda mrefu.

Unaokubali chumbani ni ule wengi wanaouita mamama. Katakata mabua makavu ya mpunga, loweka, chemsha kama saa moja au mbili, chuja maji na uache yapoe kabisa. Nawa mikono vizuri. Shindilia kwenye mfuko wa plastiki, tabaka la mabua, kisha mbegu ya uyoga uliyonunua kwa mzalishaji unayemwamini, kisha mabua tena. Toboa matundu, funga, weka chumba chenye giza. Baada ya wiki mbili hadi nne mfuko utakuwa mweupe wote. Hapo pasua pande, ruhusu mwanga na hewa, nyunyizia maji chumbani kila siku. Mfuko mmoja unaweza kukupa mavuno zaidi ya mara moja.

Mwaka jana mimi na mwanangu tulipanda mifuko sita. Mmoja ukapata ukungu wa kijani upande mmoja, mahali padogo tu pa kufunikwa na kiganja. Mtoto akaleta kisu, akasema, "Baba, si tukate hapa palipoharibika tu?" Nikaubeba mfuko mzima hadi shimoni. Hakunisemesha mpaka kesho yake.