Ruta ya zamani usiitupe: namna ya kufikisha wifi mu nyumba ya nyuma



Hapa kwetu Kikula, malupango mengi iko na nyumba ya mbele na nyumba ya nyuma. Mbele anakaa mwenye lupango, nyuma wanakaa wapangaji ao watoto wakubwa wenye kusoma. Kama kuko intaneti, modemu inawekwa mu salo ya mbele. Mutoto mwenye kuandika memwari yake iko nyuma: telefone inamuonyesha kafito kamoja ka wifi, kisha kanapotea. Anafanya nini? Ananunua forfe yake mwenyewe. Basi ile lupango inalipa intaneti mara mbili: mara ya kwanza ile ya mbele yenye haifike, mara ya pili ile ya kuziba shimo. Kwa mutu mwenye kutafuta kazi na kutuma dosie kila juma, ile si falanga kidogo.

Na mara nyingi mu ile ile nyumba, ndani ya kartoni chini ya kitanda, kuko ruta ya zamani yenye haitumike tena. Watu wanasema imekufa. Hapana, haiyakufa. Ilikosa tu kazi, sawa sisi wengine. Leo ninaeleza namna ya kuirudisha ku kazi, iwe kituo cha pili cha wifi ya nyumba.

Wafanyakazi watatu mu kisanduku kimoja

Ukifahamu hii sehemu, mengine yote ni kubonyeza tu. Ile kisanduku tunaita ruta, ndani yake kuko wafanyakazi watatu.

Wa kwanza ni mulinzi wa mulango. Anasimama katikati ya nyumba na intaneti ya inje, na kila chombo chenye kuingia anakipa namba yake, ni kusema adresi ya IP. Kazi ya kugawa namba inaitwa DHCP. Wa pili ni mugawaji wa waya: yale matundu manne ya nyuma, mara nyingi ya rangi ya manjano, yenye kuandikwa LAN. Wa tatu ni redio, yenye kutoa wifi ku antene.

Mu nyumba yenye intaneti, mulinzi wa mulango iko tayari: ni modemu ao ruta kubwa ya mbele. Ukileta ruta ya zamani na kuiacha ifanye kazi zote tatu, unakuwa na walinzi wawili, na wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Huyu anampa telefone yako namba hii, yule anakupa ingine, na intaneti inakatika-katika bila mutu kujua juu ya nini. Basi kazi yetu ni hii: kumupumzisha mulinzi wa ruta ya zamani, na kuacha wale wawili wengine watumike.

Nilisoma kilimo, basi ninaifahamu hivi: kuongeza mufereji hakuongeze maji ya chemchemi. Kama forfe ya nyumba ni giga 20, itabaki giga 20. Lakini mufereji muzuri unafanya maji yafike ku shamba la mwisho pasipo kupotea njiani. Kituo cha pili cha wifi ni mufereji, si chemchemi. Mutu akikuuzia kidude na kusema kinazidisha mamega, usimupe falanga.

Mbele ya kuanza

Tazama vintu vitatu.

Kwanza, adaptere ya umeme. Soma chini ya ruta: imeandikwa volti 9 ao volti 12, na ampere zake. Adaptere inapashwa kutoa volti zile zile, na ampere sawa ao zaidi. Ruta ya volti 9 ukiipa 12, unaweza kuiunguza.

Pili, modemu ya mbele iko na tundu la LAN? Ruta nyingi za 4G za kuweka mezani ziko nalo. Starlink pia, ijapo moja ya matoleo yake ya mbele inaomba kipande cha kuongeza. Modemu ndogo za kutia mu mufuko, nyingi hazina. Kwa wenye hizo, nitasema kule chini.

Tatu, umri wa ruta. Ikiwa imeandikwa 802.11n, iko muzuri: kiwango hicho kilitoka 2009 na kinatosha kabisa. Matundu yake mengi yanapitisha megabiti 100 kwa segonde, na wifi yake inapitisha kidogo kuliko ile imeandikwa ku kartoni. Lakini kama intaneti yako ya nyumba ni megabiti 10 ao 20, ruta ya zamani haiko mwenye kuchelewesha. Hata 802.11g ya 2003 inaweza kusaidia mwanafunzi kusoma PDF na kutuma barua.

Hatua kwa hatua

Fuata hii mupangilio sawa vile iko. Ukizima DHCP mbele ya mengine, utajifungia inje.

1. Washa ruta ya zamani, lakini usiiunganishe bado na modemu. Kwa sindano ao ncha ya kalamu, bonyeza kile kifungo kidogo cha Reset kwa segonde 10 mpaka taa zote ziwake-wake. Sasa imesahau maneno yote ya siri ya zamani.

2. Unganisha ordinatere na tundu moja la LAN la ruta kwa waya. Fungua Chrome ao Firefox, andika adresi yenye kuwa chini ya ruta: mara nyingi 192.168.0.1 ao 192.168.1.1. Jina na neno la siri la kuingilia pia yako pale pale chini.

3. Badilisha neno la siri la kuingilia. Lile la kiwandani linajulikana dunia muzima.

4. Tengeneza wifi: jina, usalama wa WPA2, na neno la siri la herufi 12 ao zaidi. Kataa WEP, ilivunjwa zamani. Zima WPS pia. Ukipenda, weka jina na neno la siri sawa na ya modemu ya mbele: telefone itachagua yenyewe. Lakini telefone zingine zinashikilia wifi ya mbali hata kama ya karibu iko na nguvu. Kwa ile sababu, miye ninapenda majina mawili, sawa "Mbele" na "Nyuma", mutu ajue fasi iko.

5. Chagua kanali. Kwa 2,4 GHz, kanali tatu tu hazigongane: 1, 6 na 11. Kama modemu ya mbele iko ku 1, weka hii ku 6 ao 11.

6. Badilisha adresi ya ruta yenyewe mu sehemu ya LAN. Inapashwa kuwa ya ukoo mumoja na modemu, lakini isifanane nayo. Mufano: modemu nyingi za Huawei ziko 192.168.8.1, basi ruta ya zamani uiite 192.168.8.2. Starlink ni 192.168.1.1; hapo uandike 192.168.1.2. Angalia kama ile namba haiko kati ya zile modemu inagawa. Andika ile adresi mupya ku kikaratasi na kukibandika chini ya ruta, maana siku ya kurekebisha utaitafuta.

7. Ruta ikisha kujiwasha tena, ingia kwa adresi mupya na uzime DHCP. Ile njo kumupumzisha mulinzi.

8. Sasa peleka waya kutoka tundu la LAN la modemu mpaka tundu la LAN la ruta ya zamani. LAN kwa LAN. Tundu la WAN, lile lenye kukaa peke yake, mara nyingi la buluu, uliache wazi. Ukitia waya mu WAN, intaneti inaweza kupita, lakini unafanya nyumba mbili zenye ukuta katikati: telefone ya nyuma haitaona imprimante ya mbele.

Ruta zingine ziko na chaguo la "Access Point" mu menyu. Ukiibonyeza, inafanya hatua ya 6 na ya 7 yenyewe, na pale hata tundu la WAN linaweza kutumika.

Waya: sisi watoto wa shaba

Waya wa mutandao wa aina ya Cat5e unaenda mpaka meta 100 pasipo kupoteza. Kwa lupango la Kikula, inatosha na kubaki.

Lakini sokoni kuko waya wa shaba na kuko waya wa aluminiu wenye kupakwa shaba juu. Kwa macho zinafanana. Kwaruza kanyuzi kamoja na kisu: kama ndani kunaonekana kweupe, si shaba. Ile ya aluminiu inavunjika upesi ukiikunja na inachoka haraka. Muji wa Likasi unaishi na shaba ya Shituru tangu wakati ulikuwa unaitwa Jadotville. Itakuwa haya kununua shaba ya uongo.

Kama unafunga mwenyewe kichwa cha waya, rangi zifuatane hivi ku pande zote mbili: nyeupe na rangi ya chungwa, chungwa, nyeupe na kijani, buluu, nyeupe na buluu, kijani, nyeupe na kahawia, kahawia.

Usiupitishe pamoja na waya wa umeme. Uutie mu tiyo ya plastiki, na uuzike mbali na fasi jembe linapita. Na mu wakati wa mvua, tangu Novemba mpaka Machi, radi ya kwetu haina muchezo: ukisikia inanguruma, chomoa umeme na waya wa mutandao ku pande zote mbili. Waya murefu wa inje unaweza kuleta pigo mpaka ndani ya ordinatere.

Fasi ya kuiweka

Wifi haipendi bati, wala maji, wala ukuta munene wa matofali. Usiweke ruta nyuma ya pipa la maji, wala juu ya frigo, wala kwenye ukuta wa bati. Iweke juu, sawa urefu wa mutu mwenye kusimama, katikati ya chumba chenye watu wanatumikia. Antene zisimame.

Umeme ukikatika

Hapa delestaje ni ndugu wa nyumba. Habari njema: ruta ndogo inakula wati 5 hivi tu. Batri ya volti 12 ya ampere-saa 7 iko na wati-saa 84. Ukitumia nusu yake ili isife mbio, unapata saa 8 kwa ruta moja. Lakini kumbuka: modemu ya mbele nayo inapashwa kuwaka. Kwa zote mbili, hesabu saa 4. Na batri yenye kuchajiwa inapanda kupita volti 14, basi weka katikati kidude cha kushikilia volti 12, na usichanganye plus na minus.

Wenye modemu isiyo na tundu

Kama intaneti yako inatoka ku telefone ao modemu ya mufuko, hakuna fasi ya kutia waya. Tafuta mu menyu ya ruta ya zamani chaguo la WISP, Client ao Repeater. Ruta inapokea wifi kwa hewa na kuitoa tena. Inatumika, lakini redio ile ile inasikiliza na kusema, basi mbio inashuka mpaka nusu. Iweke katikati ya njia, fasi bado inasikia muzuri, siyo kule mwisho wenye kiu.

Kama menyu haina ile chaguo, kuko OpenWrt, programu ya bure yenye ilianza 2004, kisha Linksys kutoa wazi kodi ya ruta yake ya WRT54G. Tazama kwanza kama ruta yako iko mu orodha yao: zile za megabaiti 4 za flashi na 32 za RAM, matoleo ya leo hayazikubali tena. Na usiiweke siku umeme hautulie. Ukikatika katikati ya kuandika, ruta inaweza kulala kabisa.

Makubaliano ya lupango

Kazi ya mwisho haiko ya waya, ni ya watu. Telefone kumi zenye kujisasisha usiku zinaweza kumaliza forfe ya mwezi mu siku chache, na hapo wifi inageuka kuwa kesi. Semezaneni mbele: nani analipa kiasi gani, nani iko na neno la siri, video za nguvu zinatazamwa saa gani. Badilisheni neno la siri kila mupangaji anapohama. Na zimeni kujisasisha kwa telefone kama forfe inahesabiwa.

Ruta ya zamani, waya wa meta 20 na mchana mumoja: kwa ile, mutoto wa nyumba ya nyuma anamaliza memwari yake ku meza yake, pasipo kununua mara ya pili kile nyumba imekwisha kulipa. Tazama chini ya kitanda.