Je, Wajua? Tapeti Hununuliwa kwa Kipimo

Fungua kifuniko cha juu cha injini ya 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye Toyota IST na Probox nyingi hapa Tanzania. Chini ya kamshafti zake mbili utakuta tapeti 16, kila moja ni kikombe cha chuma kilichofunika ncha ya shina la valvu na springi yake. Injini ikifika mizunguko 6,000 kwa dakika, kamshafti huzunguka nusu ya hiyo, kwa hiyo kila tapeti hukandamizwa mara 50 kwa sekunde.

Kati ya tapeti na kamshafti lazima ibaki nafasi. Injini ikiwa imepoa, upande wa kuingiza hewa huwa milimita 0.15 hadi 0.25, na upande wa moshi 0.25 hadi 0.35, kwa kuwa valvu za moshi hupata joto kali na kurefuka zaidi. Wenye magari wengi huogopa tapeti zinazolia. Mimi naogopa zaidi zilizonyamaza. Nafasi ikizidi, valvu hufunguka pungufu na nguvu hupotea, lakini kelele inakuita mapema. Nafasi ikiisha, valvu haikai vizuri kwenye siti yake, inakosa pa kutolea joto, inaungua taratibu huku mwenye gari akisifia injini yake kwa utulivu.

Zamani kuseti tapeti ilikuwa kazi ya spana na bisibisi. Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland wa Tanzania alishindia Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, lilikuwa na kamshafti ndani ya bloku, fimbo za kusukuma, na skrubu ya kurekebisha kule juu. Tapeti za 1NZ hazina skrubu wala shimu. Nafasi ikiharibika unabadilisha tapeti yenyewe, nazo hutengenezwa kwa unene wa aina 35, kuanzia milimita 5.06 hadi 5.74, zikipishana kwa 0.02.

Kwa hiyo fundi aliye Mungaa, wilayani Ikungi, akiagiza spea Singida mjini au Dar es Salaam kwa kusema tu "tapeti za IST", atapokea mzigo usiomfaa. Aanze na kipimo. Tuseme fila geji imeonyesha nafasi ya 0.34 kwenye valvu ya kuingiza hewa, naye anataka 0.20. Iliyozidi ni 0.14. Anatoa tapeti, anaipima kwa maikromita, anakuta 5.42. Anajumlisha 0.14, anaagiza ya 5.56. Afanye hivyo kwa zote 16, na zile asizozibadilisha azirudishe kila moja kwenye tundu lake, maana zimeshazoeana na mahali pake.

Kwa gari lililoongezewa nguvu hesabu hii ina uzito zaidi. Kamshafti ikisagwa upya ili inyanyue valvu juu zaidi, kwa kawaida chuma hupunguzwa kwenye duara lake la chini. Duara likipungua, nafasi inakua, na tapeti za mwanzo zote zinakuwa nyembamba. Usinunue tapeti kabla kamshafti hiyo haijafungwa na kupimwa. Angalia na uzito pia: tapeti nzito kwenye mizunguko mikubwa huishinda springi, valvu ikachelewa kufunga, na pistoni inaweza kuigonga.

Tapeti za oili, zinazojiseti zenyewe, zina raha yake, lakini ndani zina vijitundu ambavyo oili chafu huviziba. Kwenye vumbi la kiangazi cha Singida, mwenye injini ya aina hiyo asichelewe hata kidogo kubadilisha oili na filta.

Ukimaliza kufunga, zungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya krenki, kisha pima tena zote kabla ya kugusa ufunguo.