Akiugua nyumbani haaminiwi, akifika mahakamani anaambiwa anaigiza

Asubuhi ya Juni 20, 2001, jijini Houston, Marekani, Andrea Yates alibaki nyumbani na watoto wake watano baada ya mumewe kwenda kazini. Bibi wa watoto alikuwa anatarajiwa kufika kumsaidia. Kati ya baba kuondoka na bibi kufika, pengo lilikuwa la takribani saa moja.

Ndani ya pengo hilo, mama huyo aliwazamisha watoto wote kwenye hodhi la kuogea. Mkubwa alikuwa na miaka 7, mdogo miezi 6. Kisha akapiga simu polisi, akampigia na mumewe na kumtaka arudi nyumbani.

Mawakili wake waliposema alikuwa mgonjwa wa akili, wengi hawakukubali. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kichaa gani anasubiri mume aondoke, kisha anapiga simu polisi mwenyewe?

Swali hilo husikika karibu kila mahali mshtakiwa anapojitetea kwa ugonjwa wa akili. Kwenye daladala, vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, jibu huwa limeshatolewa kabla daktari hajafika kizimbani: "Anaigiza huyo."

Ugonjwa ulikuwa unajulikana

Kesi ya Yates haikuanzia asubuhi ile. Mwaka 1999, baada ya kujifungua mtoto wa nne, aliugua sonona kali iliyoambatana na kusikia sauti na kuona vitu visivyokuwepo. Alijaribu mara mbili kujiua na akalazwa hospitali.

Daktari aliyemtibu aliwaonya wanandoa hao kuwa akizaa tena ugonjwa unaweza kurudi. Mtoto wa tano alizaliwa Novemba 2000. Miezi michache baadaye baba yake Yates alifariki dunia na hali yake ikabadilika tena. Alilazwa mara mbili katika kipindi hicho, na takribani wiki mbili kabla ya tukio aliachishwa dawa ya kutibu hali ya kuchanganyikiwa.

Baadaye aliwaeleza madaktari kwamba aliamini yeye ni mama mbaya, kwamba shetani yumo ndani yake na watoto wake wataishia motoni. Kwake yeye, kuwaua wakiwa wadogo kulikuwa njia ya kuwaokoa.

Hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu hudhani mgonjwa wa akili lazima awe anaokota makopo au anatembea uchi barabarani. Madaktari wa magonjwa ya akili wanaeleza kuwa mtu anaweza kujua leo ni siku gani, akapika, akajibu simu na hata akapanga jambo hatua kwa hatua, huku akiongozwa na imani ya uongo iliyotengenezwa na ugonjwa.

Kesi mbili, majibu mawili

Sheria ya Texas humwondolea hatia mtu ambaye, kwa sababu ya ugonjwa mkali wa akili, hakujua kuwa anachofanya ni kosa. Upande wa mashtaka ulisema simu ya polisi ni ushahidi tosha kwamba alijua.

Machi 2002, raia 12 waliosikiliza kesi hiyo walimtia hatiani kwa chini ya saa nne za majadiliano. Akahukumiwa kifungo cha maisha.

Baadaye iligundulika kosa. Mtaalamu wa upande wa mashtaka alikuwa ameieleza mahakama kuhusu tamthilia ya televisheni ambamo mama anawazamisha wanawe kisha anaachiwa kwa utetezi wa ugonjwa wa akili. Waendesha mashtaka wakadokeza kuwa huenda Yates aliiga humo. Tamthilia yenye kisa hicho haikuwahi kuwepo.

Januari 2005 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo. Kesi ikasikilizwa upya, na Julai 26, 2006 raia wengine 12 wakaamua kuwa hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili.

Hakurudi nyumbani. Alipelekwa katika hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, na bado anaishi hospitalini.

'Wanaachiwa tu'

Dhana kwamba utetezi huu ni mlango wa kutokea haina nguvu kwenye takwimu. Utafiti uliochapishwa Marekani miaka ya 1990 ulionyesha kuwa wananchi waliamini utetezi huo hutumika katika kesi 37 kati ya kila 100 za makosa makubwa. Hali halisi ilikuwa chini ya kesi moja kati ya 100, na katika hizo chache, ni takribani robo tu waliofanikiwa.

John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Ronald Reagan mwaka 1981, alikutwa hana hatia mwaka 1982 kwa sababu hiyo hiyo, na Wamarekani wengi wakakasirika. Lakini alikaa chini ya uangalizi wa hospitali zaidi ya miaka 30. Ruhusa ya kwenda kuishi nje aliipata mwaka 2016, na masharti ya mwisho yaliondolewa mwaka 2022.

Waigizaji wapo pia. Vincent Gigante, kiongozi wa genge la uhalifu New York, alitembea mitaani kwa miaka mingi akiwa na joho la kulalia, akijisemea peke yake, ili aonekane hafai kushtakiwa. Mahakama haikudanganyika, alitiwa hatiani mwaka 1997, na mwaka 2003 akakiri kuwa alikuwa anaigiza.

Ndiyo maana mahakama haitegemei maneno ya mshtakiwa peke yake. Madaktari humwangalia kwa siku kadhaa, anavyolala, anavyokula na anavyoongea na wenzake. Hupitia rekodi za zamani za matibabu, na huwahoji wanaoishi naye.

Sheria ya hapa inasemaje?

Tanzania na Kenya zilirithi utetezi huu kutoka Uingereza, ambako misingi yake iliwekwa mwaka 1843 baada ya kesi ya Daniel M'Naghten, aliyemuua katibu wa Waziri Mkuu. Kwa Tanzania umo katika kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu. Sheria inaanza na dhana kwamba kila mtu ana akili timamu. Anayedai vinginevyo ndiye anayepaswa kuonyesha.

Mahakama inaweza kuagiza mshtakiwa akachunguzwe hospitali, na kwa Tanzania jina linalojulikana zaidi ni Mirembe, Dodoma, pamoja na Isanga. Sheria za nchi zote mbili pia zina kosa la pekee kwa mama anayemuua mtoto wake wa chini ya miezi 12 akiwa na akili iliyovurugwa na uzazi. Adhabu yake huangaliwa kama ya kuua bila kukusudia.

Ushahidi unaanzia nyumbani

Hapa ndipo familia inapoingia. Mara nyingi ndugu huficha ugonjwa kwa aibu. Mama aliyejifungua akikesha anaongea peke yake huambiwa anadeka, amerogwa au ana mapepo. Akifikishwa mahakamani, ndugu hao hao ndio watakaosimama kusema alikuwa anaumwa. Swali la kwanza watakaloulizwa ni: mlimpeleka hospitali gani? Bila cheti wala daftari la kliniki, maneno yao huonekana yametungwa baada ya tukio.

Kichaa cha uzazi humpata mama mmoja hadi wawili kati ya kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo. Dalili zake ni kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, kusikia sauti, kushuku watu wa nyumbani, kuchangamka kupita kiasi kisha kunyong'onyea, au kusema mtoto si wake, ana shetani au lazima "aokolewe".

Hali hii ni ya dharura. Mama afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake na mtoto, hata kwa saa moja. Asiachishwe dawa bila kumwona daktari, na aliyewahi kuugua awaeleze wahudumu wa kliniki mapema anaposhika mimba nyingine, kwa kuwa hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa. Akitibiwa mapema, wengi hupona na kulea watoto wao.

Kukubali kwamba Yates alikuwa mgonjwa hakupunguzi uzito wa vifo vya watoto wale watano. Ilichukua kesi mbili na miaka mitano kwa mahakama kuuamini ugonjwa ambao dalili zake zilionekana nyumbani kwake miaka miwili kabla. Anayeziona dalili hizo leo kwa mke, dada au binti yake, bado ana muda wa kumfikisha hospitali.